Mstari wa Siku ya Mafunzo

Watoto sitini waliochanjwa wiki hii walikuwa wamekwenda wapi? Hidaya, fundi kompyuta wa zahanati, hakujua bado. Aliitaja hifadhidata ya wagonjwa kwa jina lake, ikafunguka, na ndani hamkuwa na mtoto hata mmoja kati yao.

“Mbona kwangu wapo?” alisema muuguzi Bi Mwanakombo kutoka kompyuta ya pili. “Au macho yako yamezeeka kabla ya yangu, mwanangu?”

“Wewe unataja hifadhidata gani, mama?”

“Sitaji. Nafungua tu.”

Hidaya akaifungua mipangilio ya kompyuta ile. Mstari ulikuwapo, aliouandika yeye mwenyewe siku ya mafunzo: asiyetaja jina, afunguliwe hifadhidata ya mazoezi. Nayo hujifuta kila Alhamisi adhuhuri. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tano na nusu.

Aliwahamisha watoto wote sitini, akawahesabu mara mbili, kisha akaufuta mstari. Wauguzi walikuwa wamemzunguka.

“Kosa lilikuwa langu,” aliwaambia. “Kuanzia leo kompyuta haitamchagulia mtu. Asiyetaja jina hafunguliwi kitu, hata mimi.”