Mlio wa Mama

Katika mji wao hakuna aliyeingia ndani kabla kipimahewa cha mlangoni, kinachonusa kemikali mwilini, hakijanyamaza. Sekela alifanya kazi ya kutia klorini kwenye maji, kwa hiyo kila jioni kilimlilia ti-ti-ti barazani, huku mwanawe mdogo Ambwene akirukaruka kwa furaha nyuma ya kioo.

Leo kazini walipewa sabuni mpya ya kuogea, inayoondoa klorini yote mwilini. Kipimahewa hakikulia, mlango ukafunguka papo hapo.

“Njoo kwa mama.”

Ambwene akachungulia nyuma ya Sekela, akimtafuta mama.

“Leo mlango haujakulilia, mwanangu,” bibi yake Ambwene akamwambia Sekela, akicheka. “Atakujuaje?”

Sekela naye akacheka, kidogo. Kisha akarudi barazani, akaufunga mlango, akatoa ndooni kitenge cha kazini ambacho hakijafuliwa, akajifunga. Kipimahewa kikaanza kulia. Nyuma ya kioo, Ambwene akapiga makofi.