Hija ya Anastella

Siku hizo baiskeli za kuhiji hazikuwa na betri. Mota ilivuta nguvu mwilini mwa ndugu aliyekubali kuvaa bangili nyumbani, hata awe mbali kiasi gani. Leokadia alipoondoka Bukoba na rafiki zake wawili kuhiji Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda, aliyevaa bangili alikuwa mama yake, Anastella, ambaye kwa maradhi hakuweza tena kutembea hata mpaka kanisani.

Mpaka Masaka walikwenda wakiimba. Baada ya hapo vilima vikawakabili. Chini ya kilima kimoja kirefu Leokadia alipiga simu nyumbani, akapokea dada yake.

"Mama anahema, Leo. Tangu asubuhi hajainuka kitandani. Hata uji umemshinda."

Leokadia akazima mota palepale, akashuka, akaanza kuikokota baiskeli. Rafiki yake Domina akarudi kumsaidia kusukuma. Hawakufika hata katikati ya kilima, simu ikaita.

"Mbona umezima?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, lakini ina hasira.

"Mama, nitakumaliza."

"Wewe umekwenda kutembea tu. Anayehiji ni mimi. Usinishushe njiani, mwanangu."

Leokadia akajifuta machozi, akapanda, akawasha mota. Baiskeli ikakipanda kilima kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona tangu watoke nyumbani. Domina alimwita kwa nyuma apunguze mwendo, lakini Leokadia hakuwa akikanyaga pedali hata kidogo.