Mama Mkwe Barabara Kuu

"Mama, tafadhali, usiegemee Benki Kuu!"

Mama mkwe akarudisha mkono, akacheka mpaka kilemba kikamlalia sikioni. Maisha yake yote barabara hii aliijua kwa redio tu: magwaride, mabalozi, marais wapya wakipunga mikono. Leo binti yake alikuwa amemleta aione kwa macho yake, kabla sherehe ya miaka mia ya jiji haijaanza. Kutoka Posta hadi Bungeni kulikuwa kweupe, majengo yakimeremeta kwa rangi mbichi.

"Mbona hakuna hata mtu?"

"Imefungwa, mama, mpaka Meya aje kuizindua," Fundi, mume wa binti, akajibu, jasho likimchuruzika.

Meya akikuta hata nguzo moja imelala, kazi za jiji Fundi atazisikia kwenye bomba. Na huyu mama, tangu harusi, wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mwanamume mzima, kazi gani hiyo!"

Tatizo ni kwamba macho ya mama mkwe yalikaa vidoleni. Hakioni kitu mpaka akiguse. Na mkwe hata angeungua moto, hamshiki mama mkwe mkono, wala hampigii kelele. Basi Fundi akamfuata nyumanyuma, mikono mgongoni, akirudia "tafadhali, mama" kama santuri iliyokwaruzika.

"Jamani, panavyonukia! Mji gani huu usio na mitaro?"

"Tafadhali, mama."

"Na lami yenyewe nyeusi ti, inang'aa! Na simba hawa wa Mahakamani, mbona wanacheka?"

"Wameshinda kesi," akasema binti yake, naye hoi kwa kicheko.

"Usimtie maneno mama yako!" Fundi akanong'ona. "Rangi ya simba haijakauka!"

Mama mkwe akasimama mbele ya mnara wa saa. Akauzunguka kwa macho, juu, chini, juu tena. Akalamba midomo.

"Huu nao umeujenga wewe?"

"Mimi, mama. Peke yangu. Tafadhali."

Nje, honi za msafara wa Meya zikalia. Fundi akageuza shingo kuchungulia mlangoni. Kugeuza shingo tu, basi.

Mama mkwe akang'oa mnara, akautia kinywani wote na kengele yake, akafumba macho, akatafuna taratibu.

"Loo, mkwe wangu, kumbe kazi unayo!" akasema, sukari ikimdondoka kidevuni. "Hebu nimegee na Bunge."