Upenyo

Kwenye meza ile ya puli, aliyefungwa ndiye anayempangia mshindi mipira. Lugendo alikuwa amefungwa na Nyamizi mara mbili mfululizo, kwa hiyo akapanga, kisha akainyanyua ile fremu ya pembetatu haraka, kama mtu anayefunua sufuria la moto.

Nyamizi aliinama apige, halafu akasimama wima. Kati ya mpira wa mbele na miwili ya nyuma yake mwanga ulikuwa unapita. Mipira isiyogusana haitawanyiki vizuri, hata uipige kwa nguvu zako zote.

"Panga upya, kaka. Umeniachia upenyo."

"Imebana hiyo. Dada, ukishindwa usimsingizie aliyepanga."

Wanaume walioegemea ukuta wakacheka. Hasira zikampanda Nyamizi. Yeye kila alipofungwa alipanga kwa viganja viwili, akiisukuma mipira mpaka ishikamane, hata kwa watu asiowapenda.

Akamkabidhi Lugendo fimbo yake.

"Basi anza wewe. Nimekuachia."

Kicheko kikakatika. Lugendo aliinama, akaitazama kwa muda mrefu mipira aliyoipanga mwenyewe, halafu mkono wake wa kushoto ukaanza kuipapasa meza, ukiitafuta fremu.