Uzi wa Kalunde

Ndege walikuwa wameshakula nusu ya mtama, ndipo Maganga akaja na ufito mrefu kuangusha viota kwenye mgunga wa jirani yake, Nyamizi. Cha kwanza kiliangukia miguuni pa Nyamizi, mayai yakapasuka. Akakiokota. Kilifumwa kwa majani na uzi mwekundu, ule uliopeperushwa na upepo alipozifumua nywele za bintiye kabla ya kumzika.

Yeye mwenyewe hakuwahi kumsuka vizuri kama kilivyofumwa kiota kile.

"Mama Kalunde," Maganga alisema kwa upole, "tukiviacha hatutavuna hata kibaba."

"Najua."

Maganga akauona uzi. Akaulaza ufito chini, akaketi kando ya Nyamizi.

Nyamizi akafungua pindo la kanga, akatoa uzi uliobaki, akautundika kwenye mwiba. Juu, ndege mmoja akanyamaza, akautazama.