Fundo la Mwaka Jana

Kila bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, Zubeda alinyoosha kamba kutoka kwenye kigingi hadi maji yalipofika, ajue ufuo umeliwa kiasi gani. Safari hii mawimbi yalikuwa yameking'oa kigingi. Akakichomeka upya kwa kukisia, mbali zaidi na maji kuliko mwanzo, na kamba ikafika palepale kwenye fundo la mwaka jana.

"Kumbe bahari imetulia!" jirani yake, Bi Mwanaidi, akashangilia. "Basi jiko langu najenga hapahapa."

Zubeda alitaka kusema kwamba kigingi hakiko mahali pake. Aibu ikamzuia; akaikunja kamba.

Bi Mwanaidi alichimba msingi, akamkabidhi jiwe la kwanza. "Liweke wewe, mwanangu. Mkono wako haukosei."

Zubeda akainama nalo. Ndani ya shimo, maji yalikuwa yameanza kujikusanya.