Subira Hairudi Pungufu

Sheria ilikuwa moja: Subira, manowari ya kubebea askari na kuwashusha ufukweni, lazima irudi na watu walewale kwa idadi na kwa majina. Historia ya utumishi wake ilibandikwa bandarini, na safari zote kumi na tisa zilisomeka sawa: walishuka mia nne, walirudi mia nne.

Saumu alirudishiwa Kombo safari ya kumi na saba. Jina lilikuwa la mumewe, kitambulisho pia. Lakini viatu vilivyomsubiri mlangoni havikumwingia, naye alimwita Mama Riziki, ilhali mumewe alimwita Sau tangu uchumba. Saumu hakuuliza. Alimnunulia viatu vingine, na mtoto wake Riziki akakua akimjua huyo ndiye baba.

Asubuhi hii wito wa Subira umekuja tena. Kombo ameketi kizingitini, askari wa kumchukua anangoja nje.

"Atakayekuja," alisema polepole, "mwambie Riziki haogi asipoimbiwa."

"Usinitilie uchuro, mwanamume wewe!" Kisha Saumu akashusha sauti. "Kwani wewe uliambiwa na nani?"

"Na mumeo mwenyewe, tukiwa melini, mimi nikiwa wa akiba, nje ya orodha. Hata hilo la Sau aliniambia. Nikaona nimwachie."

Saumu akakaa chini kando yake. Miaka miwili amempikia, amemfulia, amemuuguza.

"Jina lako nani?"

Mwanamume akamtazama askari, akamtazama Riziki aliyeshikilia suruali yake.

"Kombo," alijibu, akainuka.